Mtu aliyehesabu magamba ya samaki wa Tanganika

Wengine wanauliza: zoolojia inasaidia nini? Tutazame kazi ya Max Poll (1908-1991), Mbelgiji, mtaalamu wa samaki katika makumbusho ya Tervuren.

Mwaka 1946 na 1947 alikuwa pamoja na wenzake katika safari ya uchunguzi kwenye ziwa Tanganika. Walivua samaki, wakawatia ndani ya dawa wasioze, wakaandika kila mmoja alitoka pahali gani. Kisha ikabaki kazi ya mezani: kuhesabu magamba, kutazama meno, kuhesabu miiba ya mapezi. Ndivyo wanavyotenganisha aina moja na nyingine. Mwaka 1956 Poll alitoa kitabu kizima juu ya jamaa ya siklide peke yake.

Juu ya nini taabu yote hiyo? Wavuvi wetu wanajua ndagala na mukeke tangu zamani. Lakini siklide za ziwa hili ni aina zaidi ya 200, na karibu zote haziishi pengine duniani. Nyingi zinakaa penye mawe ya kando, na kuna zile zinazokula mwani unaoota juu ya mawe hayo. Tukikata miti mlimani, mvua inateremsha udongo, udongo unafunika mawe, chakula kinakwisha. Aina isiyoandikwa inaweza kupotea, na hakuna atakayejua kwamba ilikuwapo.

Basi, orodha ya zamani ndiyo kipimo cha leo. Anayetaka kulinda, kwanza ahesabu.