FLAMENGO WALIVYOTWAA UBINGWA WA BRAZIL

Katika nchi ya Brazil mpira wa miguu unapendwa sana. Mjini Rio de Janeiro kuna klabu kongwe iitwayo Flamengo. Ilianzishwa mwaka 1895. Wakati huo wanachama wake walishindana kupiga makasia. Timu ya mpira ilikuja baadaye. Jezi zake ni nyekundu na nyeusi.

Mwaka 2019 Flamengo walipata furaha kubwa. Lakini kabla ya furaha walipata msiba.

Msiba wa moto

Alfajiri ya tarehe 8 Februari 2019, moto uliwaka katika kambi ya mazoezi ya klabu. Ulianzia kwenye mashine ya kupoza hewa. Wachezaji vijana walikuwa wamelala katika mabweni ya muda yaliyotengenezwa kwa makontena. Vijana 10 walikufa. Walikuwa na umri wa miaka 14 hadi 16. Serikali ya mji ilisema kuwa eneo lile liliidhinishwa kuwa mahali pa kuegesha magari, si mahali pa kulala watu.

Mwalimu mpya

Ligi ilianza mwezi wa Aprili. Mwezi wa Juni klabu ilimleta mwalimu mpya kutoka Ureno, jina lake Jorge Jesus. Kazi haikuwa rahisi. Tarehe 4 Agosti timu ya Bahia iliwafunga mabao 3 kwa 0.

Wachezaji hawakukata tamaa. Walipopoteza mpira, wote waliutafuta, hata washambuliaji. Hawakufungwa tena katika ligi mpaka mechi ya mwisho, walipofungwa na Santos mabao 4 kwa 0. Lakini wakati huo ubingwa ulikuwa wao tayari.

Timu ilifunga mabao 86. Gabriel Barbosa alifunga 25. Bruno Henrique alifunga 21. Hawa wawili peke yao walifunga mabao 46, yaani zaidi ya nusu ya mabao yote.

Hesabu ya pointi

Ligi ya Brazil ina timu 20. Kila timu hucheza na nyingine 19 mara mbili, nyumbani na ugenini. Hizo ni mechi 38. Timu ikishinda hupata pointi 3. Ikitoka sare hupata pointi 1. Ikifungwa haipati kitu.

Flamengo walishinda mechi 28, wakatoka sare 6, wakafungwa 4. Hebu tupige hesabu:

28 mara 3 ni 84.
6 mara 1 ni 6.
84 na 6 ni 90.

Santos walikuwa wa pili kwa pointi 74. Tofauti ni pointi 16. Tangu ligi iwe na timu 20 mwaka 2006, hakuna timu iliyokuwa imefikisha pointi 90.

Vikombe viwili kwa siku mbili

Tarehe 23 Novemba, mjini Lima, nchini Peru, Flamengo walicheza fainali ya kombe la klabu za Amerika ya Kusini. Walipambana na River Plate wa Argentina. River Plate waliongoza kwa bao 1 mpaka dakika ya 89. Ndipo Gabriel Barbosa akasawazisha. Muda mfupi baadaye akafunga bao la pili. Flamengo walikuwa hawajapata kombe hilo tangu mwaka 1981.

Kesho yake walipokewa Rio de Janeiro kwa shangwe. Siku hiyo hiyo Palmeiras walifungwa na Grêmio. Hapo hakuna timu iliyoweza tena kuwafikia Flamengo. Walikuwa mabingwa wa Brazil huku wamebakiwa na mechi 4.

Tujifunze nini?

Kwanza, kufungwa mara moja si mwisho wa kazi. Pili, kikombe hakirudishi mtoto aliyekufa. Watoto wetu nao hulala katika mabweni ya shule na kambi za michezo. Wazazi na viongozi, tukague mahali hapo mapema. Je, kuna milango ya kutosha? Je, madirisha yanafunguka? Je, nyaya za umeme ni nzima? Tukiona hatari, tusingoje. Turekebishe kabla mtoto hajalala humo.