Tulijua Kunawa, Hatukujua Kusema

Machi 16, 2020 mgonjwa wa kwanza wa korona alitangazwa nchini. Kesho yake ikaja amri: shule zifungwe. Nilikuwa kidato cha tatu, na sitaki kukudanganya, darasa zima tulishangilia. Likizo ya bure! Shangwe yenyewe haikumaliza hata wiki mbili.

Watu wengi husema vijana wa wakati ule tulikuwa wabishi kwa sababu hatukuwa na elimu. Si kweli. Ungeniamsha usiku wa manane ningekutajia yote: nawa kwa sabuni sekunde 20, vaa barakoa, epuka msongamano, usijishike uso. Redio ilisema, mabango yalisema, meseji za simu zilisema. Sasa tulikwama wapi?

Kwanza, tuliambiwa tufanye nini, ila ni wachache walioambiwa kwa nini. Kirusi cha korona kimezungukwa na utando wa mafuta. Sabuni huuvunja utando huo, kama inavyong'oa mafuta kwenye sufuria, na kirusi kinasambaratika. Ndiyo maana kujimwagia maji matupu hakutoshi. Barakoa nayo huzuia sana matone yanayotoka kwako kwenda kwa mwenzako, na unaweza kuambukiza hata kabla hujajisikia mgonjwa. Sisi tulikuwa tunaishusha kidevuni tukitaka kuongea, yaani wakati ule ule inapohitajika zaidi!

Pili, hali ya nyumbani. Kwetu Mbagala tulikuwa watu saba, vyumba viwili, maji ya kununua kwa dumu. Ukae mbali na nani? Kilichotuokoa kwenye kunawa ni kibuyu chirizi: kidumu kidogo kimetobolewa, kimening'inizwa mlangoni, unakiinamisha kwa kamba ya mguu. Maji kidogo, watu wengi wananawa.

Tatu, na hili ndilo lililonifanya niandike, ni moyo. Mwezi wa nne nilianza kukohoa. Nilikuwa nalala chumba kimoja na Bibi, mwenye kisukari, na nilijua kabisa kwamba wazee na wenye kisukari ndio walio hatarini zaidi. Nikanyamaza. Mtaani mtu akikohoa tu watu walikuwa wanamkimbia, na mimi niliogopa kuwa yule kijana aliyeleta korona nyumbani. Usiku nilikuwa nakoholea kwenye mto. Siku nne nzima! Elimu yote niliyokuwa nayo haikunifungua mdomo.

Usiku wa nne Bibi akaniita kwa utani wake ule ule: "Mume wangu, mbona hulali?" Nikalia kama mtoto. "Bibi, nakohoa tangu juzi." Hakupiga kelele. Alimwamsha Mama, nikahamishiwa sebuleni, dirisha likaachwa wazi, nikapewa sahani na kikombe changu. Kikohozi kiliisha. Sikupimwa, kwa hiyo mpaka leo sijui kilikuwa nini. Bibi hakuumwa, lakini hiyo ilikuwa bahati, wala si ujanja wangu.

Nayasema haya leo kwa sababu magonjwa ya mlipuko hayajaisha. Marburg imeshaingia Kagera mara mbili, mwaka 2023 na 2025, na kipindupindu hakijawahi kutuaga. Hapa chuoni tunabanana vyumbani, tunachangia ndoo na vikombe. Tukibandika mabango tu tutarudia kosa lile lile. Elezaneni sababu. Serikali ya wanafunzi ihakikishe kila korido ya hosteli ina maji na sabuni. Na mwenzako akiugua, usimfanye akajificha.

Ukimwona rumeti wako anageukageuka kitandani usiku, muulize mbona halali. Halafu akikujibu, tulia umsikilize.