Namba Iliyo Juu ya Mlango



Unajua namba ya kanisa lako? Huku Kivu ya Kusini, hata mtoto wa masomo ya Jumapili anajua: CBCA ni ya 3, CELPA ni ya 5, CEPAC ni ya 8. Lakini ukimwuliza namba hizo zilitoka wapi, atanyamaza. Pengine hata wewe.

Acha kwanza nikuambie aibu yangu. Hapa Lwiro tulikuwa na kilio cha kijana aliyeangukiwa na udongo katika shimo la dhahabu. Mama yake ni Mkatoliki, baba yake ni mtu wa kwetu. Sanduku liko uwanjani, na sisi watumishi tunabishana nani atasali. Mimi pia nilipandisha sauti. Ndipo mama akatuuliza kama huko chini ya shimo udongo uliwachagua kwa kanisa. Hakuna aliyemjibu.

Sasa turudi kwenye namba. Wamisionari walipokuja Kongo, kila kundi lilileta jina lake: Wabatisti, Wametodisti, Wapentekoste. Hata wao waliona kwamba utengano unaharibu ushuhuda. Mwaka 1910 walikutana Edinburgh kulitafakari jambo hilo, na mwaka 1924 Baraza la Kiprotestanti la Kongo likaanza. Mwaka 1970 makanisa hayo yakawa kanisa moja lenye jamii nyingi: Kanisa la Kristo katika Kongo, ECC, ambalo wakati wa Zaire liliitwa ECZ. Kila jamii ikapewa namba. Kisha sheria ya tarehe 31 Desemba 1971 ikazidi kuwabana Waprotestanti wakae chini ya jina moja.

Umeona? Namba ilikuwa alama kwamba sisi ni vyumba vya nyumba moja. Leo tumeigeuza kuwa ukuta! Sheria inaweza kuweka majina yetu kwenye karatasi moja; mioyo haiwezi kuiunganisha.

Na Wakatoliki je? Mtaguso wao wa Vatikano uliandika juu ya umoja wa Wakristo mwaka 1964. Wakimbanguisti nao waliingia Baraza la Makanisa Ulimwenguni mwaka 1969. Hapa kwetu Bukavu, hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa na Daktari Mukwege mwaka 1999, ni ya CEPAC. Lakini mama aliyeumizwa haulizwi kadi ya ubatizo mlangoni. Na Askofu Mkuu Munzihirwa alipouawa Bukavu tarehe 29 Oktoba 1996, alikuwa amesema kwa ajili ya watu wote, si kwa Wakatoliki peke yao.

Sisemi tufiche tofauti. Juu ya ubatizo na juu ya Maria hatusemi sawa, na tuzungumze bila matusi. Lakini katika Yohana 17 Bwana aliomba tuwe na umoja ili ulimwengu upate kuamini. Kijana anayetuona tukigombana juu ya sanduku ataamini nini?

Basi, wewe uliye Kamituga, ao Lubumbashi, ao Kolwezi: jirani wa kanisa lingine akifiwa, nenda, beba maji na kuni, kaa naye. Tarehe 18 hadi 25 Januari, juma la kuombea umoja, alika familia moja ya kanisa lingine msali pamoja.

Siku ile, hapa Lwiro, mwishowe katekista alisoma Neno, nami nikaomba. Mama akaitika Amina mara mbili.