Mkataba wa Maji wa 1929 na Mas'ala ya Fudhuli

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Allah, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Maswahaba zake. Ama baad.

Katika darsa moja hapa Musoma baada ya Swala ya Alasiri tulikuwa katika mlango wa biashara, tukafika kwenye mas'ala ya fudhuli. Mwanafunzi mmoja, mtoto wa mvuvi, akauliza: "Sheikh, na wale walioweka mkataba juu ya maji ya ziwa letu bila kuwauliza babu zetu, wao si fudhuli?" Wenzake walicheka. Mimi sikucheka, kwani swali hilo wanalijadili wakubwa wa dunia mpaka leo.

Mkataba wenyewe

Tarehe 7 Mei 1929 Uingereza na Misri zilibadilishana barua kuhusu Mto Nile. Zilikubaliana kwamba katika Sudan na nchi zilizo chini ya utawala wa Kiingereza isifanywe kazi yoyote ya umwagiliaji au ya umeme, juu ya Nile au juu ya maziwa yanayoulisha mto huo, ikiwa itapunguza maji yanayofika Misri, ila kwa ridhaa ya Misri kwanza. Tanganyika ilikuwa chini ya Waingereza. Hivyo mkulima wa Bunda na mvuvi wa Musoma walifungwa na karatasi wasiyoijua.

Mwaka 1959 Misri na Sudan ziligawana maji hayo: Misri mita za ujazo bilioni 55.5 kwa mwaka, na Sudan bilioni 18.5. Nchi za juu ya mto hazikuitwa.

Fudhuli ni nani?

Fudhuli ni mtu anayeuza au kufunga mkataba juu ya mali ya mwenzake, naye si mmiliki, si wakili wala si walii. Kwa Mahanafi na Wamaliki mkataba wake unasimama ukimngoja mwenye mali: akiridhia hupita, akikataa huanguka. Hoja yao mojawapo ni Hadithi ya Urwa al-Bariqi (r.a.), aliyepewa dinari moja anunue kondoo, akanunua wawili, akauza mmoja kwa dinari, akarudi na kondoo na dinari, na Mtume (s.a.w.) akamwombea baraka. Ama katika madhehebu yetu ya Shafi, Imam an-Nawawi katika Minhaj ametaja kuwa kauli mpya ni kubatilika, na ile ya zamani ni kusimama mpaka iridhiwe.

Qiyasi hii si kamili, kwani mkataba wa dola si biashara ya kondoo. Lakini msingi ni mmoja, nao ni ridhaa ya mwenye haki. Na mwenye haki aliulizwa lini? Alipopata uhuru. Tarehe 4 Julai 1962 serikali ya Tanganyika, chini ya Waziri Mkuu Rashidi Kawawa, iliziandikia Uingereza, Misri na Sudan kwamba haifungwi na makubaliano ya 1929. Kwa lugha ya fiqhi, mwenye mali alikataa kuridhia.

Hoja ya upande wa pili

Misri nayo ina hoja, na si uadilifu kuificha. Mwenyezi Mungu ameamrisha kutimiza ahadi (Qur'an 5:1), na Misri ni nchi ya jangwa ambayo uhai wake ni mto huo. Mtu aweza kusema: Mtume (s.a.w.) aliutimiza mkataba wa Hudaybiya ijapokuwa baadhi ya Maswahaba waliuona mzito. Jawabu ni kuwa Hudaybiya Waislamu walifungiwa mkataba na kiongozi wao wenyewe, naye yuko mbele yao. Babu zetu wa Mara hawakuwa na mjumbe katika barua za 1929. Ama haja ya Misri, hiyo ni haki, lakini haki hiyo haitokani na saini ya mkoloni.

Inatokana na nini basi? Bukhari na Muslim wamepokea kesi ya Zubayr (r.a.) na mtu wa Answari waliogombania mfereji wa Harra, Madina. Shamba la Zubayr lilikuwa juu. Mtume (s.a.w.) alimwambia amwagilie, kisha amwachie jirani yake maji. Answari alipodai kuwa amependelewa kwa sababu ya ujamaa, Mtume (s.a.w.) alimpa Zubayr haki yake kamili: azuie maji mpaka yafike kwenye kingo, kisha ayaachie. Wanavyuoni wamesema hukumu ya kwanza ilikuwa ya suluhu na wema, ya pili ni ya haki kamili. Zingatia: katika zote mbili wa juu anaanza, na katika zote mbili maji lazima yaendelee kwa wa chini.

Shura leo

Mwaka 1999 ulianzishwa Ushirikiano wa Bonde la Nile hapa Dar es Salaam, na mwaka 2010 nchi za juu zikaanza kutia saini mkataba mpya huko Entebbe, Tanzania ikiwamo. Ulianza kazi tarehe 13 Oktoba 2024, Misri na Sudan zikiwa zimeukataa. Kwa hiyo shura bado haijakamilika, kwani shura (Qur'an 42:38) ni ya wote wanaoguswa na jambo.

Nasi tusijisahau. Maji ya Mto Mara yanatoka msitu wa Mau, Kenya, yakaishia ziwani kwetu. Huko sisi ndio wa chini. Mwaka 2006 kina cha ziwa kilishuka sana kwa ukame na kwa maji mengi kufunguliwa kwenye mabwawa ya Jinja, na wavuvi wetu wakaona ufuo umewakimbia. Tunayoyadai kwa Misri, na tuyafanye kwa jirani. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Imamu anayelaumu mikataba ya wazungu, na huku shamba lake limefika majini, ajitazame.

Kwa hiyo, ndugu maimamu wa Musoma, Bunda na Butiama, usomesheni mlango wa maji katika darsa zenu, na muende kwenye mikutano ya kijiji yanapojadiliwa mambo ya ziwa. Asiyehudhuria shura atasemewa na fudhuli mwingine.

Wallahu a'lam.