Anapenda sayansi na kalamu? Kuna kazi ya kuokoa maisha

Je, umewahi kusoma gazetini kwamba dawa ya ugonjwa unaokusumbua imepatikana, ukangoja na usiione dukani hadi leo? Hauko peke yako.

Miaka michache iliyopita mama mmoja mwenye ugonjwa wa kisukari alifika kliniki yangu akiwa amelegea, mdomo umekauka na kiu haikatiki. Nilipompima, sukari ilikuwa imepanda kupita kiasi. Alifungua mkoba akatoa kipande cha gazeti kilichokunjwa vizuri. "Daktari, hapa wamesema mmea huu unaponya sukari," aliniambia. Alikuwa ameacha vidonge vyake kwa wiki tatu.

Niliisoma habari hiyo hadi mwisho. Katika aya ya mwisho kabisa ilielezwa kwamba utafiti huo ulifanyiwa panya.

Mama huyo alilazwa, akapata nafuu. Tangu siku hiyo, mzazi akiniambia kwamba mwanawe anapenda sayansi lakini pia anapenda kuandika, simwambii achague moja. Ninamwambia kuna kazi inayohitaji yote mawili, na watu wa kuifanya ni wachache.

Kazi mbili, mabwana wawili

Wa kwanza ni mwandishi wa habari za sayansi. Huyu husoma matokeo ya utafiti, huwahoji watafiti na wapinzani wao, kisha humweleza msomaji kwa lugha nyepesi. Bwana wake ni wewe msomaji.

Wa pili ni afisa wa uhusiano mwema katika taasisi ya utafiti au chuo kikuu. Huyu huandika taarifa kwa vyombo vya habari, huandaa mikutano na waandishi na kuwaelezea wananchi kazi ya wataalamu. Mshahara wake hutoka kwa taasisi, na hapo ndipo mtihani wake ulipo. Wakubwa wanataka sifa, wafadhili wanataka matokeo, naye anatakiwa aseme ukweli.

Mtihani huo si mdogo. Mwaka 2014 jarida la kitabibu la BMJ lilichapisha uchunguzi ulioongozwa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Cardiff, Uingereza. Walipitia taarifa 462 zilizotolewa na vyuo vikuu 20 vya nchi hiyo. Asilimia 40 zilikuwa na ushauri uliotiwa chumvi kuliko utafiti wenyewe. Tena, taarifa ikitiwa chumvi, magazeti nayo yalielekea kuitia. Mara nyingi, basi, uvumi huanzia kwenye meza ya afisa kabla haujafika kwa mhariri.

Tulijifunza kwa Kemron

Hapa kwetu, wenye umri wangu na zaidi wanakumbuka Kemron. Mwaka 1990, nikiwa mtoto wa shule ya msingi, watafiti wa taasisi ya KEMRI walitangaza kwamba dawa hiyo ya intaferoni, iliyotumiwa kwa mdomo kwa kiwango kidogo sana, iliwapa nafuu wagonjwa wa Ukimwi. Rais Daniel arap Moi aliizindua hadharani Julai mwaka huo. Wakati huo kuambukizwa kulionekana kama hukumu ya kifo, na matumaini yakapaa.

Lakini utafiti wenyewe ulihusu wagonjwa 40 tu, na hakukuwa na kundi jingine la kulinganisha nao. Majaribio makubwa yaliyofuata, likiwemo la Uganda lililohusu wagonjwa zaidi ya 500 na kuchapishwa mwaka 1998, hayakuona faida. Haraka haraka haina baraka.

Neno moja lina uzito

Chukua mfano wa chanjo ya malaria ya RTS,S, iliyozinduliwa nchini katika Kaunti ya Homa Bay Septemba 2019. Katika majaribio, watoto waliopewa dozi nne wakiwa na umri wa miezi 5 hadi 17 waliepushwa takriban visa 4 katika kila 10 vya malaria kwa miaka minne.

Mwandishi akisema chanjo imekomesha malaria, mzazi ataweka neti kando. Akisema inashindwa mara nyingi, mzazi hatampeleka mtoto kliniki. Makosa yote mawili yanaweza kuua. Aliyeelewa kazi yake ataandika: chanjo inapunguza malaria, mpeleke mtoto apate dozi zote, na aendelee kulala ndani ya neti.

Njia ya kufika huko

Kijana anaweza kusomea baiolojia, uuguzi au famasia kisha ajifunze uandishi, au aanze na uandishi kisha ajifunze sayansi. Takwimu asizikwepe. Akisikia dawa inapunguza hatari kwa nusu, aulize: nusu ya ngapi? Kutoka wagonjwa 2 katika kila 1,000 hadi 1 ni nusu. Kutoka 400 hadi 200 pia ni nusu. Aanze kuandika akiwa bado chuoni, na atafute wakongwe wa kumwelekeza. Nchini kuna MESHA, chama cha wanahabari wanaoandika kuhusu mazingira, sayansi, afya na kilimo.

Nawe msomaji, kabla hajapatikana mwandishi wa namna hiyo kila mahali, jifunze kuuliza maswali yake. Utafiti ulifanyiwa watu au wanyama? Walikuwa wangapi? Walilinganishwa na nani? Nani aliulipia?

Na jambo moja la mwisho: habari ikikuvutia, ikate, uikunje, uilete kwa daktari wako. Ila ilete kabla hujaacha dawa zako, si baada.