KARAMU YA BABETTE NA MEZA YA NABII ISA

Katika waraka wake wa mwaka 2016 juu ya mapenzi ya ndoa na jamaa, Papa Francis, mkuu wa Wakatoliki aliyefariki mwaka 2025, alitaja jambo ambalo si wengi wangelitazamia humo: senema. Nayo ni Karamu ya Babette, iliyotengenezwa Denmark na Gabriel Axel mwaka 1987. Haina padri wala muujiza. Ni habari ya mwanamke na jiko lake.

Mtungaji wa kisa si mgeni kwetu. Ni Karen Blixen, yule bibi wa shamba la kahawa karibu na Ngong aliyeondoka Kenya mwaka 1931, na wala Mkatoliki hakuwa.

Babette, Mfaransa Mkatoliki, mumewe na mwanawe waliuawa katika machafuko ya Paris ya mwaka 1871. Akakimbilia kijiji cha pwani yenye baridi, kwa mabibi wawili, mabinti wa marehemu mchungaji wa Kiprotestanti. Akawapikia samaki wakavu na uji miaka kumi na minne bila mshahara. Kisha akashinda faranga 10,000 katika bahati nasibu (kwetu ni kamari, lakini tuliache hilo). Kila mtu akajua atarudi kwao. Yeye akaomba jambo moja tu: apike karamu ya kumkumbuka yule mchungaji.

Wafuasi wa mchungaji walikuwa wazee wenye vinyongo vya siku nyingi. Walipomwona kasa mzima akiingizwa jikoni waliogopa uchawi, wakaapa kula bila kusema neno juu ya chakula. Msomaji wa Mombasa au Lamu naye angeshtuka, hasa kwa ile mvinyo. Lakini kila sahani ilipopita nyoyo zililainika. Waliodhulumiana wakasameheana, na usiku wakatoka nje wakashikana mikono kukizunguka kisima. Fedha zote za Babette zilikuwa zimekwisha mezani.

Wakatoliki wengi wameiona Misa humo: watu kumi na wawili mezani, na mmoja aliyetoa alicho nacho chote ili wengine wapatane. Wao huamini kwamba katika mkate na kikombe Masihi hujitoa mwenyewe. Hapo sisi na wao twaachana njia. Hata hivyo aliyesoma chuoni hawezi kuiona meza hiyo asiikumbuke Suratul Maida, pale wanafunzi wa Nabii Isa walipomtaka amwombe Mola wake awateremshie meza yenye chakula kutoka mbinguni, wale na nyoyo zao zitulie.

Iko pia Suratul Insani, inayowasifu wanaomlisha maskini, yatima na mateka bila kutaka malipo wala shukrani. Aya hiyo twaipenda sana, nami naona twaitumia vibaya. Kwenye hitima zetu kina mama huamka kabla ya alfajiri, wakapuliza kuni na kupakua pilau kwa masinia. Mchana husifiwa kisomo na sauti ya shehe. Jikoni hapana anayepeleka hata salamu. Kutotaka shukrani ni daraja ya mpishi, haikumwondolea mlaji deni lake. Mtume (S.A.W.) alifundisha kwamba asiyewashukuru watu hakumshukuru Mwenyezi Mungu.

Na tukio alilolichagua Papa kutoka senema nzima si la mezani. Ni lile la jikoni, wageni wamekwisha kwenda, Babette amechoka katikati ya sufuria chafu, na bibi mmoja anamkumbatia kwa machozi.