Seva isipoamka: namna ya kulinda mafaili umeme unaporejea Mtwara

UMEME unapokatika na kurejea, kompyuta zote za ofisi huwaka kwa pamoja, lakini hazimalizi kuamka kwa pamoja. Kompyuta ya mezani yaweza kuwa tayari katika muda usiozidi dakika moja, ilhali seva inayotunza mafaili huweza kuhitaji dakika kadhaa kukagua diski zake. Katika pengo hilo ndimo mafaili mengi hupotelea.

Jambo hili lina uzito mkoani Mtwara. Gesi asilia iligunduliwa Mnazi Bay, karibu na mdomo wa Mto Ruvuma, mwaka 1982, na imetumika kuzalisha umeme mjini Mtwara tangu miaka ya 2000. Hata hivyo, kukatika kwa umeme si jambo geni kwa wakazi. Kwa kawaida minada ya korosho huanza mwezi Oktoba, na kipindi hicho kumbukumbu za uzito, daraja na malipo ya wakulima huandikwa kila siku. Ofisi inayotunza kumbukumbu hizo katika seva moja ikipoteza za siku moja tu, anayesubiri fedha zake ni mkulima.

Kompyuta ikiikosa seva, mambo mawili huweza kutokea. La kwanza ni kukwama. Katika Linux, ambako mafaili ya pamoja mara nyingi hupitia NFS, utaratibu ulioanzishwa na kampuni ya Sun Microsystems mwaka 1984, kompyuta yaweza kuisubiri seva kwa sekunde 90 au zaidi kabla ya kuendelea. Katika Windows, diski ya mtandao huonyesha alama nyekundu ya mkasi.

La pili ni la hatari zaidi, kwa kuwa halionekani. Katika Linux, folda ya seva hubandikwa juu ya folda tupu iliyomo katika kompyuta. Seva isipopatikana, folda tupu hubaki wazi, na karani huhifadhi kazi yake humo akidhani imefika kwenye seva. Seva inaporejea, folda yake huifunika ile ya chini, na kazi ya asubuhi nzima hutoweka machoni ingawa bado imo ndani ya kompyuta. Programu ya kunakili akiba nayo, ikiikuta folda tupu, yaweza kudhani mafaili yamefutwa na kuyafuta katika nakala pia.

Tiba yake haihitaji gharama kubwa. Katika faili la fstab, neno “nofail” huiruhusu kompyuta iendelee kuwaka bila kusubiri, na “x-systemd.automount” huahirisha kuunganisha hadi mtumiaji anapoifungua folda. Folda tupu ifungwe ili mtumiaji wa kawaida asiweze kuandika humo. Programu ya akiba nayo ihakikishe kwanza kwamba seva imeunganishwa.

Tahadhari inahitajika kuhusu neno “soft”. Hilo huifanya programu ikate tamaa seva inapochelewa, na maandishi yaliyokuwa njiani yaweza kupotea. Kwa kumbukumbu za fedha, “hard” ni salama zaidi, ijapokuwa humlazimu mtumiaji kusubiri.

Kwa upande wa Windows, msimamizi aweza kuiamuru kompyuta isubiri mtandao kabla ya mtumiaji kuingia. Ieleweke, hata hivyo, kwamba kusubiri mtandao si kusubiri seva: swichi ikiwa tayari, kompyuta itaendelea hata kama seva bado inaamka.

Hatimaye, UPS ya seva pekee haitoshi. Swichi nayo iunganishwe humo, kwani seva iliyo hai nyuma ya swichi iliyozimika haifikiki. Na umeme unaporejea, utaratibu mwepesi kuliko yote ni huu: swichi iwashwe kwanza, seva ifuate, kompyuta za makarani ziwe za mwisho.